Somo: Bajeti ya Nyumba kwa Mwaka Mzima, na Sanduku la Kikundi



Katika somo hili tutazungumza juu ya jambo linalotugusa sote: namna ya kuiendesha nyumba kwa mapato madogo bila ya kuangukia mikononi mwa wakopeshaji. Mfano wetu tunauchukua Arua na Koboko, katika West Nile. Tumechagua huko kwa sababu mfanyakazi wa Arua anayepokea mshahara wa ghala, karakana au kiwanda, mara nyingi ana mke na watoto wanaolima Koboko, mwendo wa kilomita hamsini na kitu kwa barabara ya lami. Nyumba ni moja, lakini inakula kutoka mifuko miwili: mfuko wa mshahara na mfuko wa shamba.

Hali hii si ngeni kwetu. Kiwanda cha sukari cha Lugazi kilianza mwaka 1924 na cha Kakira mwaka 1930, na vijana wengi wa West Nile walikwenda huko kukata miwa ili wapate fedha ya kodi na ya mahari. Mke alibaki na jembe, mume akaenda na panga. Hata leo ndugu walioko Kakira, Lugazi na Kinyara watajiona katika somo hili.

1. Tuhesabu mwaka, tusihesabu mwezi

Wengi wetu hupanga matumizi kwa mwezi. Mshahara ukiingia tunalipa madeni ya duka, tunanunua sabuni na mafuta, tunatuma kidogo nyumbani, na kinachobaki kinakwisha kabla ya tarehe 20. Tunasema mwezi umekuwa mrefu. Kwa kweli mara nyingi si mwezi uliotushinda, ni mwaka.

Shida kubwa za nyumba haziji kila mwezi. Shule zinafungua mara tatu: Februari, mwishoni mwa Mei, na Septemba. Mbegu na kulimisha shamba ni kabla mvua hazijakolea, yaani Februari na Machi. Miezi ya ghala tupu ni Mei na Juni, wakati mazao mapya bado yako shambani. Mavuno ya kwanza huja Julai na Agosti, na mavuno ya mwisho Novemba na Desemba. Fedha ya shamba inaingia wakati wake, na mahitaji yanakuja wakati wake, wala hayangojani. Nyumba isiyoijua kalenda hii huuza simsim yote Desemba kwa furaha, kisha Mei hununua chakula kwa mkopo.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuchukua daftari, kuandika majina ya miezi 12, na mbele ya kila mwezi kuandika kinachoingia na kinachotoka. Kazi hii ifanywe na mume na mke pamoja. Fedha ya shamba ni jasho la mama na watoto. Baba akiipangia akiwa Arua bila ya kumwuliza aliyelima, hiyo si bajeti bali ni amri, na amri ya namna hiyo haitimizwi.

2. Mapato ya nyumba moja

Tuchukue mfano wa nyumba yenye watoto watatu wa shule. Tarakimu hizi ni za kujifunzia. Kila mtu aweke za kwake.

Mshahara ni shilingi 200,000 kwa mwezi. Mchango wa mfanyakazi katika mfuko wa NSSF ni 5 kwa mia, yaani 10,000. Mwajiri anaongeza 10 kwa mia, yaani 20,000. Mfanyakazi anabaki na 190,000 mkononi. Kwa miezi 12 ni 2,280,000.

Shamba la Koboko linauza mazao ya 240,000 katika Agosti, na ya 360,000 katika Desemba. Jumla 600,000.

Mapato yote ya fedha kwa mwaka ni 2,880,000. Muhogo, mtama na maharage yanayoliwa nyumbani hatukuyahesabu, ingawa bila ya hayo nyumba hii haisimami.

3. Matumizi ya mwaka

Chumvi, mafuta, sabuni, samaki na sukari, 80,000 kwa mwezi: 960,000.
Chumba Arua, 30,000 kwa mwezi: 360,000.
Chakula cha mchana kazini, 15,000 kwa mwezi: 180,000.
Kwenda Koboko na kurudi mara moja kwa mwezi, 20,000: 240,000.
Shule, 160,000 kwa kila muhula: 480,000.
Mbegu, majembe na kulimisha: 150,000.
Dawa na matibabu, 10,000 kwa mwezi: 120,000.
Nguo na sikukuu: 150,000.

Jumla ni 2,640,000. Tukiitoa katika 2,880,000, zinabaki 240,000.

Mtu atauliza: shule si ni bure? Mpango wa elimu ya msingi kwa wote ulianza Uganda mwaka 1997, lakini sare, madaftari na chakula cha mchana cha watoto bado hutoka mfukoni mwa mzazi. Anayeandika sifuri mbele ya shule anajidanganya mwenyewe.

Sasa zile 240,000 zilizobaki tuzipe kazi. Nyumba hii ikiingia katika kikundi cha akiba, ikaweka hisa 4,000 kila wiki na 500 katika mfuko wa kusaidiana, kwa wiki 52 itakuwa imeweka 208,000 za hisa na 26,000 za kusaidiana. Jumla 234,000. Mkononi zinabaki shilingi 6,000 kwa mwaka mzima.

Ndugu, tuitazame tarakimu hiyo. Nyumba hii haina mlevi wala mvivu. Imehesabu kila kitu, na kati yake na deni pamebaki shilingi 6,000 tu.

4. Mahali mwaka unapobana

Hesabu ya mwaka imekubali. Lakini je, kila mwezi utakubali? Tufuate.

Februari ni mwezi mzito: shule 160,000 na shamba 150,000, jumla 310,000. Mshahara wa mwezi mmoja hauwezi. Dawa yake iko katika Desemba iliyopita. Mavuno yakiuzwa 360,000, kabla ya kununua kitambaa wala nyama ya sikukuu, 310,000 ziwekwe kando. Nyumba ikifanya hivyo, Februari itapita salama.

Mwisho wa Mei shule zinafungua tena. Kila mwezi, baada ya matumizi ya kawaida, matibabu na kikundi, zinabaki 15,500. Kuanzia Januari hadi Mei ni 77,500. Shule inataka 160,000. Zinapungua 82,500, na mavuno ya kwanza bado miezi miwili au mitatu. Hapa ndipo nyumba nyingi zinapovunjika. Mtoto anarudishwa nyumbani, au mbuzi anauzwa kwa bei ya kutupa, au baba anakwenda kwa mkopeshaji.

Tuseme anakopa 90,000 hadi Agosti. Mkopeshaji wa mtaani akidai riba ya 20 kwa mia kwa mwezi, ni 18,000 kila mwezi, na kwa miezi mitatu ni 54,000. Akikopa katika kikundi chake kwa faida ya 5 kwa mia kwa mwezi, ni 4,500 kila mwezi, jumla 13,500. Tofauti ni 40,500.

Kumbukeni kwamba nyumba yetu ina shilingi 6,000 tu za ziada. Faida ya kikundi, 13,500, inazidi 6,000 kwa 7,500. Lakini mwisho wa mwaka faida zote za mikopo hugawanywa kwa wanachama, na sehemu yake itaziba pengo hilo. Riba ya mkopeshaji hairudi. Zile 54,000 zitakatwa katika chakula cha watoto, na mwaka ujao nyumba itaanza ikiwa imechelewa hatua moja. Mwaka wa pili mkopo utakuwa mkubwa zaidi. Hivyo ndivyo mtu mwenye kazi ya kudumu anavyogeuka kuwa mtumwa wa deni.

Tena, sheria ya Uganda ya mwaka 2016 inamtaka mkopeshaji awe na leseni. Anayekopesha kichochoroni bila ya karatasi na kukunyang'anya kadi yako ya benki ili achukue mshahara wako mwenyewe, huyo si rafiki wa shida. Ni kupe.

5. Sanduku lenye kufuli tatu

West Nile ina ujuzi wa miaka mingi katika jambo hili. Vikundi vya akiba na mikopo vya vijijini vya namna tunayoieleza vilianza Niger mwaka 1991, vikisaidiwa na shirika la CARE, na mwishoni mwa miaka ya 1990 shirika hilo likaleta mpango huo West Nile. Lakini roho yake wazee wetu walikuwa nayo zamani. Watu wengi wa Arua na Koboko walikimbilia Sudan na Zaire kutokana na vita vilivyofuata mwaka 1979. Waliporudi katika miaka ya 1980, wengi walikuta magofu na mashamba yaliyoota msitu. Mtu peke yake hawezi kuezeka nyumba na kufyeka shamba katika msimu mmoja. Ni ujima uliowasimamisha. Sanduku ni ujima wa fedha.

Kazi yake ni hii:

Wanachama ni kati ya 15 na 30, watu wanaojuana tabia. Huchagua wenyewe mwenyekiti, katibu, mweka hazina na wahesabu fedha wawili.

Sanduku la chuma lina kufuli tatu. Funguo tatu zinakaa kwa wanachama watatu tofauti, na anayetunza sanduku hana ufunguo hata mmoja. Kwa hiyo halifunguliwi ila mkutanoni.

Bei ya hisa moja inakubaliwa mwanzoni mwa mwaka na haibadiliki. Kila mkutano mwanachama anaweza kununua hisa moja hadi tano. Kila hisa hupigwa muhuri katika kitabu chake, ili hata asiyejua kusoma aweze kuhesabu mihuri yake.

Mkopo hutolewa mkutanoni, mbele ya wote, na hauzidi mara tatu ya akiba ya mkopaji. Mwanachama wetu mwisho wa Mei ana wiki 21, yaani akiba ya 84,000. Anaweza kukopa hadi 252,000. Lakini anakopa 90,000, kwa sababu anajua atalipa kwa nini na lini. Mkopo usio na tarehe ya mavuno nyuma yake ni hatari.

Mfuko wa kusaidiana hukaa katika kifuko cha peke yake. Wanachama 25 wakitoa 500 kila wiki, ni 12,500, na kwa mwaka 650,000. Katiba ya kikundi iseme wazi: akifa mtu wa nyumba ya mwanachama, kiasi fulani, akilazwa hospitali, kiasi fulani. Huu si mkopo na haurudishwi. Msiba haubishi hodi, na mazishi yamezifilisi nyumba nyingi. Anayefiwa asipate huzuni mbili, ya maiti na ya deni.

Kabla ya kufunga sanduku, fedha huhesabiwa kwa sauti na kila mwanachama hukariri jumla. Mkutano ujao husemwa tena kabla ya kufungua. Wizi huanza pale wanachama wanapochoka kuhesabu.

Baada ya miezi 9 hadi 12 fedha zote hugawanywa kwa hesabu ya hisa, pamoja na faida. Kisha kikundi huanza upya. Kikundi cha watu 25 wanaoweka 4,000 kila wiki hukusanya 100,000 kwa wiki, na 5,200,000 kwa mwaka, bila ya kuhesabu faida. Fedha hiyo haikutoka benki wala kwa tajiri. Ilikuwa mifukoni mwetu, ikitoka kidogo kidogo bila ya kuonekana.

Koboko na Arua kuna Waislamu wengi, na wengine hawakubali kutoa wala kupokea riba. Jambo hili lisifichwe. Kikundi kinaweza kukubaliana kukopeshana bila ya faida. Mgao utakuwa mdogo, lakini msaada wa Mei utabaki pale pale. Waamue kabla ya kununua sanduku, si baada ya ugomvi.

Na mgao utumike vipi? Mwanachama wetu anapokea 208,000 na sehemu ya faida. Akizila katika sikukuu, Mei ijayo atakopa tena. Akiweka 90,000 kando kwa ajili ya Mei, mwaka wa pili hatakopa kabisa. Zitakazobaki, 118,000, zinunue mbuzi au mabati. Hapo ndipo nyumba inapoanza kupanda.

6. Kubana matumizi bila ya kubana tumbo

Kubana matumizi si kulala na njaa. Mfanyakazi mwenye njaa huumia kazini, na mtoto mwenye njaa hasomi. Tutafute palipo na uvujaji.

Kwanza, ghala. Tusiuze mazao yote wakati wa mavuno, bei ikiwa chini. Muhogo una neema yake: unaweza kukaa ardhini ukingoja, au kukatwa, kuanikwa na kuhifadhiwa mkavu. Kila nyumba ipime chakula cha miezi ya Mei na Juni, ikiweke, na mtu asikiguse.

Pili, kununua pamoja. Nyumba tano zikinunua gunia la chumvi, dumu la mafuta na katoni ya sabuni sokoni Arua, kisha zikagawana, zinaepuka bei ya vipimo vidogo vya dukani. Samaki mkavu wa angara akinunuliwa kwa fungu kubwa hugawanywa vivyo hivyo.

Tatu, kuuza pamoja. Wafanyabiashara wa kuvuka mpaka wa Oraba kwenda Sudan Kusini, au wa Vurra kwenda Kongo, humbana bei mama mwenye debe moja. Akina mama ishirini wenye magunia yao pamoja watasikilizwa.

Nne, kutuma fedha. Kila kutuma na kutoa fedha kwa simu kuna ada yake, na tangu 2018 kuna kodi juu ya fedha inayotolewa. Anayetuma 20,000 mara nne hulipa ada mara nne. Mpango ukiwa umeandikwa, fedha ya mwezi itumwe mara moja, au ipelekwe mkononi siku ya kwenda nyumbani.

Tano, siku ya mshahara. Kwete ina mahali pake katika ujima na sherehe. Lakini fedha ya kikundi, ya chumba na ya nyumbani itengwe kabla ya kupita mlangoni pa kilabu, si baada ya kutoka.

7. Akiba si badala ya mshahara

Ndugu, tusielewane vibaya. Kuna waajiri wanaopenda sana somo la akiba. Husema: wafanyakazi wetu hawana shida ya mshahara, shida yao ni matumizi. Hesabu yetu imewajibu. Nyumba iliyohesabu kila senti imebakiwa na 6,000 kwa mwaka. Huwezi kumfundisha mtu kubana kisichokuwapo.

Na tarakimu hiyo ina historia yake. Kima cha chini cha mshahara katika Uganda kiliwekwa mwaka 1984 kuwa shilingi 6,000 kwa mwezi. Miaka 35 baadaye, mwaka 2019, Bunge lilipitisha mswada wa kuleta utaratibu mpya wa kima cha chini, lakini Rais hakuutia sahihi. Kwa hiyo vita vya mshahara wa haki ni vya chama, kazini na mezani pa majadiliano. Sanduku haliwezi kuvipigana kwa niaba yetu. Lakini sanduku linatupa jambo moja kubwa: mfanyakazi asiyedaiwa hatishiki upesi. Mwenye deni la mkopeshaji huogopa kusimama na wenzake, kwa maana akikosa mshahara wa wiki moja amekwisha.

Vilevile sanduku si badala ya NSSF. Sheria iliyorekebishwa mwaka 2022 inamtaka kila mwajiri achangie, hata akiwa na mfanyakazi mmoja. Katika mfano wetu, 30,000 kila mwezi zinapaswa kufika katika mfuko, yaani 360,000 kwa mwaka, na theluthi mbili zinatoka kwa mwajiri. Kila mmoja wetu achunguze kama zinafika. Makato yaliyoandikwa katika karatasi ya mshahara lakini hayakupelekwa ni uzee wetu unaoibwa. Ukiona hayapo, usinyamaze, wala usiende peke yako. Nenda pamoja na mwakilishi wa chama.

8. Maswali ya kujadiliana tawini

(a) Katika nyumba yako, ni mwezi gani mwaka unabana zaidi, na ni mwezi gani fedha inaingia zaidi? Ni nini kinachoweza kuhamishwa kutoka mwezi huu kwenda ule?

(b) Mume yuko kazini Arua, mke yuko shambani Koboko. Daftari la nyumba likae wapi, na nani aandike?

(c) Mwanachama ameshindwa kulipa mkopo kwa sababu mvua ilikosekana. Kikundi kifanye nini ili sanduku lisife na mwenzetu asidhalilike?

(d) Ni wangapi kati yetu wanaojua kiasi kilichoko katika akaunti zao za NSSF?

Kazi ya kufanya kabla ya mkutano ujao: kila mwanachama aje na daftari lenye miezi 12 na tarakimu za nyumba yake. Asiyejua kuandika asaidiwe na kijana wa shule, na siri ya nyumba yake iheshimiwe. Tawi ambalo halina kikundi lianze na watu 15 wanaoaminiana. Hisa ikiwa 500, iwe 500. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba nacho chataka mlinzi.